“Habari?” – “Muzuri”: lugha ya kumuuliza mama mjamzito na mama aliyejifungua kuhusu hali ya moyo wake

Utangulizi

Mama mjamzito anayekwenda CPN hupimwa uzito na shinikizo la damu. Damu na mkojo wake huchunguzwa, tumbo lake hupimwa kwa utepe, na mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa. Baada ya kujifungua, ni mtoto anayewekwa kwenye mizani ya CPS, na mama huulizwa kama maziwa yanatoka vizuri. Kila kazi kati ya hizi ina chombo chake. Hali ya akili na moyo wa mama haina mizani wala utepe: chombo chake ni maneno. Muuguzi anauliza, mama anajibu. Neno likikosewa, kipimo kimekosewa, na mama anayeumia anarudi nyumbani akihesabiwa kuwa mzima.

Makala hii inajadili chombo hicho cha maneno. Hoja yake ni moja: swali ni sehemu ya matibabu, na katika Kiswahili swali hilo halijatengenezwa vya kutosha kwa ajili ya mama wa Kongo. Muuguzi wetu husoma kwa Kifaransa. Karatasi za maswali zilizo tayari kwa Kiswahili mara nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili sanifu cha Kenya na Tanzania. Mama mwenyewe anasema Kiswahili cha Lubumbashi, cha Kalemie, cha Bukavu, cha Goma au cha Kisangani. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, lakini kutambua lugha katika katiba hakutoshi kuifikisha mezani pa muuguzi. Kazi hiyo inabaki kwa watu wa afya, na pia kwetu sisi tunaosoma lugha.

Tutaeleza kwanza ugonjwa wenyewe kwa ufupi, kisha kipimo kinachotumika zaidi duniani. Baadaye tutachunguza majina, sarufi na adabu ya mazungumzo, na mwisho tutatoa mapendekezo.

1. Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Waganga hutofautisha hali tatu. Ya kwanza ni machozi na wepesi wa hasira vinavyowapata akina mama wengi sana siku chache baada ya kujifungua, hasa kati ya siku ya tatu na ya tano. Hali hiyo si ugonjwa. Hupita yenyewe ndani ya wiki mbili, mradi mama apumzike na asaidiwe. Ya pili ni ile ambayo Kifaransa huiita dépression. Inaweza kuanza wakati wa mimba au katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, hudumu zaidi ya wiki mbili, na humwondolea mama furaha, nguvu, usingizi na matumaini. Ya tatu ni adimu, mama mmoja au wawili kwa kila uzazi 1000, lakini ni ya hatari: mama husikia sauti zisizokuwepo, husema mambo yasiyofuatana, halali kabisa. Huanza ghafla, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza, na hospitali inatakiwa siku hiyohiyo.

Makala hii inahusu hasa hali ya pili, kwa sababu ndiyo inayojificha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa hilo. Katika nchi zinazoendelea makadirio yanapanda: asilimia 15,6 wakati wa mimba na 19,8 baada ya kujifungua. Yanayoongeza hatari yanajulikana: umaskini, jeuri ya mume, kukosa wa kusaidia, kufiwa, mimba isiyotakiwa, umri mdogo, uzazi uliokuwa mgumu, au kuwahi kuugua hivyo zamani. Mama asiyetibiwa hukosa CPN na hushindwa kunyonyesha, na mtoto naye hupata shida ya kukua. Kwa wengine mwisho ni kifo kwa mkono wao wenyewe.

Lakini ugonjwa huu unatibika. Kuna matibabu ya mazungumzo, kuna msaada wa familia uliopangwa vizuri, na kuna dawa ambazo daktari anaweza kumchagulia hata mama anayenyonyesha. Inabidi tu mgonjwa ajulikane kwanza. Ndipo tunaporudi kwenye swali.

2. Kipimo cha Edinburgh na safari yake

Kipimo kinachojulikana zaidi kilichapishwa mwaka 1987 na John Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, huko Scotland, na kinaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Kina maswali kumi. Mama hueleza hali yake katika siku saba zilizopita, kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 30. Alama kuanzia 10, au 13 kwa wengine, humwambia muuguzi kwamba mama huyu anahitaji kusikilizwa zaidi. Kipimo hakitoi jina la ugonjwa. Kinamwonyesha muuguzi mlango wa kubisha.

Watungaji walifanya jambo moja la busara. Mama aliyetoka kujifungua huchoka na hukosa usingizi hata akiwa mzima, kwa hiyo hawakuuliza juu ya uchovu wa mwili. Usingizi umetajwa mara moja tu, nao ni ule unaokosekana kwa sababu ya huzuni, si kwa sababu ya mtoto anayelia usiku.

Jambo lisilotajwa mara nyingi katika masomo yetu ni kwamba kipimo hiki kina mzizi karibu na sisi. Kabla ya Edinburgh, John Cox alifanya kazi Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 alichapisha utafiti kuhusu afya ya akili ya wanawake 263 wa Uganda wakati wa mimba, na makala nyingine kuhusu amakiro, ugonjwa ambao Waganda wanaujua kwa jina hilo na kuuhusisha na mimba, uzazi na uzinzi. Kwa hiyo fikra ya kumuuliza mama kuhusu moyo wake ilipita Afrika ya Maziwa Makuu kabla ya kwenda Ulaya na kuturudia ikiwa karatasi. Iliporudi, ilirudi na Kiingereza chake.

Kinshasa pia ilichangia. Mwaka 2008 Judith Bass na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika huko. Hawakuanza na karatasi ya maswali. Walianza kwa kuwauliza wenyeji matatizo ya mama aliyejifungua wanayoyaita vipi, na watu wakataja “maladi ya souci”, ugonjwa wa wasiwasi na mawazo, ambao dalili zake zinakaribiana na zile ambazo waganga huita dépression. Hapo ndipo vipimo vilipolinganishwa na jina la wenyeji. Kwa mwanafunzi wa lugha, mpangilio huo ndio somo kubwa la utafiti ule: jina la watu kwanza, karatasi baadaye.

3. Majina na mizigo yake

Kiswahili sanifu kina majina kadhaa ya hali hii: “sonona”, “unyogovu”, “mfadhaiko”, “huzuni kubwa”, na “msongo wa mawazo” ambao wengine hulichanganya nalo. Wingi huu peke yake ni dalili kwamba istilahi haijatulia. “Sonona” linaenea, na lina sifa nzuri: limetoka katika kitenzi cha zamani, kusonona au kusononeka, ambacho kinasema hasa maumivu ya moyo. Lakini mama wa Kenya ya Lubumbashi au wa Kadutu mjini Bukavu akiulizwa kama ana sonona, huenda akadhani anaulizwa juu ya ugonjwa wa ngozi. Istilahi nzuri kwenye kamusi si lazima iwe swali zuri kwenye kituo cha afya.

Upande wa pili kuna majina ambayo kila mtu anayajua na kila mtu anayaogopa. “Ugonjwa wa akili” kwa muuguzi ni jina la jumla. Kwa mama, na zaidi kwa mama mkwe anayemngoja nje, maneno hayo yanasikika kama wazimu, yaani mtu anayeokota makopo barabarani. Mama atakataa, na atakuwa na haki ya kukataa, kwa sababu hilo silo lililomleta.

Majina mengine yanabeba mashtaka. Mfano wa amakiro ni wazi: ugonjwa unapohusishwa na uzinzi, kuutaja ni kuuliza pia nani alikosa. Pale ambapo mama anayelia baada ya kujifungua anasemwa kwamba amerogwa, au ana pepo, au hataki mtoto wake, jina linatangulia kumhukumu kabla hajafungua kinywa. Muuguzi anayetumia jina la namna hiyo bila kujua ameingia katika kesi ya ukoo, naye alikuwa anatafuta kuponya.

Kati ya istilahi isiyojulikana na jina linaloogopwa kuna neno la tatu, ambalo Waswahili wote wanalo na haliaibishi mtu: “mawazo”. Mtu akisema “ana mawazo”, hakuna anayeelewa kwamba ana akili nyingi. Wote wanaelewa kwamba kuna jambo linamsumbua. Katika Kiswahili cha Lubumbashi utasikia “iko na mawazo ya mingi”. Tanzania na Kenya kuna “kufikiri sana”. Zimbabwe, Washona wanasema kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na neno hilo limekuwa mlango wa matibabu katika kazi ya Friendship Bench iliyoanza huko mwaka 2006 chini ya daktari Dixon Chibanda, ambapo bibi waliofundishwa huketi na mgonjwa kwenye benchi na kumsikiliza. Lugha za Kibantu zilizo mbali zinakutana hapa: maumivu haya yanatajwa kupitia fikra zisizotulia, na mara nyingi zaidi kuliko kupitia huzuni.

4. Sarufi ya maumivu

Majina hayatoshi. Tuangalie sentensi.

Linganisha mifano hii:

(1) Nimejisikia mwenye huzuni.
(2) Mawazo yananisumbua.
(3) Usingizi haunijii.
(4) Mambo yamenizidi.
(5) Moyo unaniuma.

Mfano (1) ni sahihi kisarufi, lakini unanuka tafsiri. Mifano (2) hadi (5) ndiyo inayosikika sokoni na nyumbani. Tofauti yake ni ya kimuundo. Katika (1) mgonjwa ni kiima cha sentensi: yeye ndiye anayejisikia. Katika (2) hadi (5) mgonjwa ni yambwa, kiambishi -ni- ndani ya kitenzi. Kiima ni mawazo, usingizi, mambo, moyo. Ndivyo Kiswahili kinavyosema maradhi na hali nyingi zinazomjia mtu bila hiari yake: homa imenishika, njaa inaniuma, usingizi umenichukua. Kiswahili cha Kongo kimepunguza upatanisho wa ngeli, hata watu wengi husema “mawazo inanisumbua” na “mambo inanishinda”, lakini kiambishi cha yambwa kimebaki mahali pake. Hilo linaonyesha kwamba muundo huu umeingia ndani kuliko ngeli zenyewe.

Faida yake kwa matibabu ni kubwa. Mama anapokuwa yambwa, hashtakiwi. Jambo limemjia, kama homa. Ukimwuliza “Je, unajisikia huzuni?” umemfanya mwenye tendo, na baada ya uzazi uliosherehekewa, huzuni inayotendwa na mama inafanana na utovu wa shukrani. Ukimwuliza “Kuna mawazo yanayokusumbua?” umemweka upande wa wanaosumbuliwa, na mtu anayesumbuliwa anaweza kusema.

Kuna pia vitenzi vyenye kiambishi tamati cha hali, -ik- au -ek-: kuhuzunika, kusononeka, kufadhaika, kusikitika. Navyo havitaji mtendaji. Vinaeleza hali aliyoingia mtu. Ukiweka kiambishi cha kusababisha, mtendaji anarudi: kuhuzunisha, kusononesha, kusikitisha. Kwa hiyo “Ni nini kinakusikitisha?” linamtaka mama ataje mtu au kitu, na huenda mtu huyo amekaa naye kwenye benchi. “Kuna siku unasikitika?” halimlazimishi kumtaja yeyote. Muuguzi anayejua tofauti hii ataanza na la pili na kulihifadhi la kwanza hadi wabaki wawili.

Kundi la tatu ni vitenzi vyenye kirejeshi -ji-: kujilaumu, kujichukia, kujiua. Hapa mama ni mtendaji na mtendwa kwa pamoja. Ni maneno mazito kuliko yote, na maswali ya Edinburgh yanayohusu kujilaumu na kujidhuru yanaangukia humu. Uzito huo hautoki katika -ji- peke yake, kwani hata kujifungua kuna -ji-, na hilo ni neno la furaha. Unatoka pale kirejeshi kinapokutana na kitenzi cha kudhuru. Ndiyo maana maswali hayo hayawezi kuja ya kwanza.

5. Pale tafsiri inapokwama

Tuchukue sehemu nne za kipimo cha Edinburgh.

Ya kwanza ni nahau. Swali la sita katika Kiingereza linatumia nahau inayoonyesha mambo yakimpanda mtu juu. Likitafsiriwa neno kwa neno, mama atashangaa ni vitu gani hivyo vilivyompanda. Lakini Kiswahili kina nahau yake iliyo tayari: mambo yamekuzidi, yamekulemea, yamekushinda. Hapa mtafsiri anatakiwa kuiacha picha ya Kiingereza na kuchukua ya kwetu. Maana haipotei, inarudi katika muundo uleule wa yambwa tuliouona.

Ya pili ni maneno “bila sababu”. Maswali mawili yanauliza juu ya wasiwasi na hofu visivyo na sababu ya kutosha, na swali la kujilaumu nalo linakazia kujilaumu kusiko kwa lazima. Huko Scotland maneno hayo yalisaidia kutenga ugonjwa na hofu ya kawaida. Mpelekee swali hilohilo mama aliyekimbia vita Rutshuru akajifungulia kambini karibu na Goma, au mama ambaye mume wake ameingia mashimo ya kuchimba kobalti upande wa Kolwezi na hajatuma habari. Je, anaogopa bila sababu? Hapana; sababu anayo, na ni nzito. Atajibu hapana kwa ukweli kabisa, na alama yake itashuka. Mama mwenye mzigo mkubwa zaidi ataonekana mzima zaidi. Hili ni kosa la maana, na mtaalamu wa lugha anatakiwa kulionyesha mapema. Badala ya kuuliza juu ya sababu, inafaa kuuliza juu ya kipimo: hofu hii inakuzuia kula, kulala, kumshika mtoto?

Ya tatu ni ngazi za majibu. Kipimo kinataka mama achague kati ya mara nyingi, wakati mwingine, mara chache na kamwe. Tafsiri nyingi hutumia “mara kwa mara”, na hapo kuna mtego: kwa wasemaji wengine maneno hayo ni karibu na “kila wakati”, kwa wengine ni “pengine-pengine”. Alama mbili tofauti zinatolewa na maneno mamoja. Vilevile “wiki” si neno pekee la siku saba: wengine husema juma, na wazee wengi wa Lubumbashi husema posho, neno lililobaki tangu enzi za mgao wa chakula wa wafanyakazi wa migodi. Dawa ni kuhesabu. “Tangu siku ya soko iliyopita hadi leo, ni siku ngapi?” Mama anaweza kuonyesha kwa vidole, na kidole hakina lahaja.

Ya nne ni swali la kumi, la kujidhuru. “Kujidhuru” ni neno la vitabu. “Kujiumiza” linajulikana, lakini linasema pia ajali: mtu aliyejikata kisu akimenya muhogo amejiumiza. Mama anaweza kujibu ndiyo akifikiri kidole chake, au hapana akificha kitu kingine. Hapa ukungu wa maneno ni hatari, na muuguzi anatakiwa kusema wazi, kwa ngazi: “Kuna wakati unaona ni heri usingekuwepo? Wazo la kufa limekujia? Wazo la kujiua limekujia?” Wengi huogopa kwamba kuuliza hivyo kutampa mama wazo asilokuwa nalo. Haifanyi hivyo, mama aliye nalo mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa mtu amethubutu kulitaja. Na akijibu ndiyo, hata mara moja, hata alama nyingine zikiwa ndogo, asiachwe peke yake wala asirudishwe nyumbani kabla ya kuzungumza na mganga na na ndugu anayemwamini.

6. Adabu ya mazungumzo

Swali lililotafsiriwa vizuri linaweza bado kushindwa, kwa sababu halikuulizwa mahali patupu. Linakuja baada ya salamu.

“Habari?” – “Muzuri.” Hivyo ndivyo tunavyosalimiana Lubumbashi na Kivu. Jibu hilo si taarifa, ni adabu. Hata mtu aliyefiwa huanza na “muzuri” kabla ya kutoa habari ya msiba. Katika Kiswahili sanifu “sijambo” lenyewe ni ukanusho: sina jambo. Lugha imeweka jibu zuri mlangoni, na habari yenyewe huja baadaye, nyuma ya “lakini” au “ila tu”. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kungoja hiyo “lakini”. Katika kituo cha afya chenye foleni ya wanawake arobaini, muuguzi hangoji. Anasikia “muzuri”, anaandika, anamwita mwingine. Kwa hiyo swali kuhusu moyo lisifanane na salamu. “Habari ya mwili? Habari ya moyo?” litajibiwa kwa adabu, na adabu itaziba ukweli.

Jambo la pili ni jina. Mama akisha kujifungua huitwa kwa jina la mtoto: Mama Furaha, Mama Baraka. Ni heshima, na wengi hulipenda. Lakini angalia linavyofanya kazi katika mazungumzo ya CPS. Muuguzi anasema: “Mama Furaha, Furaha anaendeleaje? Ananyonya? Analala?” Mama yumo ndani ya jina, hayumo ndani ya swali. Inatosha mara moja kuligeuza: “Furaha nimemwona, uzito umepanda. Sasa wewe, mama?” Kiwakilishi hicho kimoja, “wewe”, kinamwambia kwamba zamu yake imefika.

Jambo la tatu ni nani anasikia. Mama kijana huja na mama mkwe, au shangazi, au wifi. Kuwafukuza ni kuwavunjia heshima, na baadaye lawama itamrudia mama. Lugha ina njia: “Mama mkubwa, tusaidie kumshika mtoto hapo nje, tumpime huyu binti yako.” Kupima ni kazi inayoheshimiwa. Na kwa kweli ni kupima.

7. Mapendekezo

Kutokana na hayo, tunapendekeza mpangilio huu wa mazungumzo, uanze na mwili na ushuke polepole hadi moyoni:

(a) Mtoto akilala usiku, wewe nawe usingizi unakujia?
(b) Chakula kinapita?
(c) Kuna mawazo yanayokusumbua? Yanakuzuia kazi gani?
(d) Tangu wiki iliyopita, ni siku ngapi umecheka na watu?
(e) Ni siku ngapi machozi yametoka yenyewe?
(f) Kuna wakati unaona mambo yamekushinda?
(g) Unajilaumu kwa jambo lolote?
(h) Kuna wakati wazo la kufa limekujia?

Maswali haya ni ya kufungulia mazungumzo. Hayachukui nafasi ya kipimo chenye alama, na yenyewe hayajapimwa. Kazi ya kuyapima ina hatua zinazojulikana. Watafsiri wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, mwingine asiyeona asili huyarudisha katika lugha ya kwanza, tofauti hujadiliwa. Kisha, na hatua hii ndiyo inayorukwa, akina mama wenyewe husomewa kila swali na kuombwa waseme kwa maneno yao wameelewa nini. Mwisho majibu hulinganishwa na uchunguzi wa mganga. Katika hatua zote isipokuwa ya mwisho, mwanafunzi wa fakulte ya lugha anaweza kuwa na faida mara moja. Kazi za mwisho wa masomo zinaweza kukusanya misamiati ya maumivu kwa kila mji wa Kiswahili wa Kongo, jambo ambalo wauguzi hawana muda wa kulifanya.

Tusisahau kwamba kuuliza bila kuwa na la kufanya ni kumfungua mtu kidonda na kuondoka. Hospitali za akili ni chache: kituo cha Joseph Guislain Lubumbashi na SOSAME Bukavu vinajulikana, lakini mama wa kijijini hafiki huko kwa urahisi, na jina la mahali lenyewe linamtisha. Ndiyo sababu mfano wa Pakistani unatuhusu. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini, wasio madaktari, waliofundishwa kuzungumza na mama nyumbani kwake kwa mpangilio maalumu, walipunguza ugonjwa sana: miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya mama waliotembelewa hivyo walikuwa bado wagonjwa, dhidi ya 53 ya wengine. Shirika la Afya Duniani limeutoa mpango huo kuwa kitabu cha mafunzo mwaka 2015. Sisi tuna warelé wa jamii, wale RECO wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na vyandarua. Wanasema lugha ya mtaa. Wakipewa maswali yaliyotengenezwa vizuri, na mahali pa kumpeleka mama aliyejibu ndiyo, nusu ya njia imekwisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya maumivu ya mama; kinayo mengi, na sarufi yake inamlinda mgonjwa kuliko tafsiri zinavyofanya. Shida iko katika kuchagua: istilahi ya kamusi badala ya “mawazo”, kiima badala ya yambwa, “bila sababu” mbele ya mwenye sababu elfu, na swali linalofanana na salamu. Kila uchaguzi kama huo ni mdogo kwenye karatasi. Kwenye kituo cha afya unaamua kama mama atasema “lakini”, au atachukua kadi ya mtoto na kwenda zake.

Kwa walimu wetu na wanafunzi wenzetu, ombi ni moja. Vituo vya afya viko karibu na chuo, na siku za CPN zinajulikana. Tukiomba ruhusa, twende kusikiliza kabla ya kutafsiri.